Naomba ushauri: kama sonona si upungufu wa serotonini, niendelee kumeza dawa za nini?

Chaki Nyeupe
Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimelazimika kuandika.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha baiolojia, niko Morogoro. Mwaka jana mwezi wa kumi nilianza kuchoka bila kazi. Naamka saa tisa usiku, macho makavu, nasikiliza jogoo wa jirani mpaka kunakucha. Ugali ukawa kama karatasi mdomoni. Madaftari ya kusahihisha yakalundikana mpaka mkuu wa shule akaniita ofisini. Mke wangu ndiye aliyenivuta hospitali. Daktari akasema ni sonona, akaniandikia sertralini. Alinieleza kwamba ubongo wangu umepungukiwa kemikali iitwayo serotonini na kidonge kinaijazia, kama gari linavyoongezwa oili. Niliridhika, maana mimi mwenyewe nafundisha watoto jinsi ujumbe unavyovuka kutoka neva moja kwenda nyingine.

Sasa nimekutana na video inasema mwaka 2022 watafiti wa London walipitia tafiti za miaka mingi, wakakuta hakuna ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini kidogo. Nikaitafuta makala yenyewe nikaisoma. Ndivyo ilivyoandikwa.

Swali: kama ile habari ya oili haina ukweli, kuna sababu gani ya kuendelea kumeza? Naomba majibu ya kitaalamu. Kejeli hapana.

Mzee wa Ugoko
Pole mwalimu. Mawazo yalikuwepo tangu zamani, ila watu walikuwa wanalima. Marehemu baba alizika watoto watatu na hakuwahi kumeza kidonge hata kimoja. Alfajiri yuko shambani, jioni yuko kwenye ibada. Nyie wa siku hizi mnakaa ndani na simu, halafu mnasema ubongo unaumwa. Mrudie Muumba wako, shika jembe.

Binti Lushoto
Shikamoo mzee wangu. Baba yako hakumeza kidonge, lakini alikuwa analala? Nauliza kwa sababu bibi yangu mzaa mama alimzika mwanawe wa mwisho, na kuanzia hapo alikaa barazani miaka minne akitazama njia. Kulima alilima, kusali alisali. Tuliambiwa tu "bibi amenyamaza". Chakula tulimlisha kwa kubembeleza. Mpaka leo naumia nikikumbuka tulivyoona ni tabia yake.

Mwalimu, pole sana. Usione aibu.

Mkeka Umechanika
Mimi si mtaalamu ila hizi kemikali za ubongo zilinikaanga. Nilikuwa nabeti kila siku. Nilidhani nafuata hela, kumbe hata nikishinda furaha inaisha kabla sijatoka kwa wakala. Siku mechi tisa zimekubali na moja imechana mkeka, ndiyo siku nacheza mara tatu zaidi.

Baadaye nikasoma kuhusu mtafiti mmoja, Wolfram Schultz, aliyepima seli za dopamini kwa kima waliokuwa wanapewa juisi. Juisi ikija bila kutegemewa, seli zinalipuka. Kima akishajua kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, seli zinalipukia taa, juisi yenyewe haziishangai tena. Na juisi isipokuja kwa wakati wake, seli zinanyamaza kabisa. Nilipoisoma hiyo niliweka simu chini nikakaa kimya. Ile taa ndiyo simu yangu ikiita saa nne usiku, "odds mpya". Nimeacha kubeti mwezi wa nane huu.

Kwa hiyo mwalimu, labda tatizo lako ni dopamini, si serotonini. Jaribu kuweka simu mbali.

Nesi wa Zamu
Mwalimu, nimefanya kazi wodi ya afya ya akili miaka sita. Nitakujibu, lakini kwanza nijibu wewe. Umeuliza "kuna sababu gani ya kuendelea". Unameza sasa hivi, au umeshaacha?

Chaki Nyeupe
Nimeshukuru kwa michango. Mzee wangu, kanisani naenda na shamba ninalo.

Nesi, nadhani swali langu ni la kinadharia zaidi. Ukweli wa sayansi haubadiliki kwa sababu mimi nimemeza au sijameza.

Nesi wa Zamu
Sayansi haibadiliki, jibu langu ndilo linabadilika. Umeacha lini?

Chaki Nyeupe
Siku 13 zilizopita.

Lakini sikukurupuka. Nilisoma kwanza. Mtu mzima ana haki ya kuamua kinachoingia mwilini mwake. Na siku nne za mwanzo nilikuwa sawa kabisa, hata nilisahihisha mitihani ya darasa zima. Sasa hivi nina kizunguzungu kidogo, ndoto kali, na kitu kama umeme unaopiga kichwani mara moja na kupotea. Unakuja hasa nikiwa ubaoni nikageuza macho pembeni kuwatazama wanafunzi bila kugeuza kichwa. Nadhani ni sumu ya dawa inatoka. Nikivumilia wiki moja itaisha.

Nesi wa Zamu
Hiyo si sumu inayotoka, mwalimu. Nifuate taratibu.

Kidonge kile kinazuia serotonini isinyonywe haraka kurudi kwenye seli iliyoitoa. Kazi hiyo kinaianza ndani ya saa chache. Lakini wewe ulipata nafuu lini? Nina hakika si siku ya kwanza. Kwa kawaida ni wiki mbili mpaka sita. Kama ingekuwa oili, gari lingewaka palepale. Kinachochukua muda ni ubongo wenyewe kujipanga upya: vipokezi vinapungua hapa, viungo kati ya seli vinakua pale. Ubongo wako umejipanga kwa miezi ukiitegemea hali hiyo. Wewe umeiondoa siku moja. Huo umeme, kizunguzungu na ndoto ni ubongo unayumba kwa kunyang'anywa mkongojo katikati ya ngazi. Dawa hii inaachwa kwa kupunguza kidogokidogo, wiki kadhaa, wengine miezi, chini ya daktari.

Nakuuliza pia bila kuzunguka: mawazo ya kufa yapo?

Chaki Nyeupe
Mwaka jana yalikuwepo. Sasa hapana. Usingizi tu ndio umeondoka tena, na jana nilimfokea mtoto mdogo darasani kwa kudondosha kalamu. Sijawahi kuwa hivyo.

Binti Lushoto
Mke wako anajua umeacha?

Chaki Nyeupe
Hapana. Sitaki kumtia hofu.

Nesi wa Zamu
Mwalimu, video haimwachishi mtu dawa iliyomrudishia usingizi. Kuna kingine.

Chaki Nyeupe
Haya. Nitasema, maana humu hamnijui.

Tangu mwezi wa pili wa dawa, kama mume sifanyi kazi. Hamu haipo, na hata ikija, hakuna mwisho. Hospitali hawakuniambia lolote kuhusu hilo. Mke wangu hajalalamika hata siku moja na hilo ndilo linalonimaliza. Ameanza kulala amegeukia ukutani. Nilipoona ile video nilihisi nimefunguliwa mlango. Nimeshanunua pia unga wa mitishamba kwa jamaa mmoja stendi, elfu arobaini, bado sijaanza kuutumia. Nimeona bora sonona kuliko kuvunja nyumba.

Dereva wa Noah
Mwalimu umetuzungusha London kote kumbe safari ilikuwa ya chumbani! Supu ya pweza tu mkuu, njoo Feri nikuagizie bakuli mbili.

Binti Lushoto
Dereva, mwenzio kaandika kitu kilichomkaa kooni miezi. Muache apumue.

Kabati la Vitabu
Niingie kwenye lile swali la mwanzo, maana nalo ni swali halali na halijajibiwa.

Dawa hizi hazikutokana na mtu kupima ubongo akakuta serotonini haipo. Zilianza kwa bahati. Mwaka 1952, hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa wamelala wakisubiri kufa wakachangamka kupita ilivyotarajiwa. Baadaye wataalamu wakagundua dawa hiyo inazuia kuvunjwa kwa kemikali fulani za ubongo, ndipo wakarudi nyuma wakasema: basi huzuni ni kupungua kwa kemikali hizo. Joseph Schildkraut aliliandika wazo la aina hiyo mwaka 1965, yeye akitazama zaidi kemikali nyingine ya ubongo iitwayo noradrenalini. Fluoksetini, dawa ya kundi moja na hiyo sertralini yako, iliporuhusiwa Marekani mwaka 1987, maneno "upungufu wa serotonini" yakasambaa kwa sababu ni mepesi kumweleza mgonjwa.

Mguu ukivunjika unafungwa hogo. Hogo linasaidia, lakini mguu haukuvunjika kwa kukosa hogo. Makala ya Joanna Moncrieff na wenzake unayoisema ilichunguza kama kuna upungufu. Haikupima kama dawa zinasaidia. Hilo lilipimwa kwingine: mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 522 yenye washiriki zaidi ya 116,000, na dawa zote 21 za sonona zilizolinganishwa zilisaidia kuliko vidonge visivyo na dawa ndani, vinavyotolewa kwa ajili ya kulinganisha tu. Zilivizidi kwa kiasi cha wastani, siwezi kukudanganya kwamba ni miujiza. Kwa hiyo daktari wako alikurahisishia mno, na video nayo ikakurahisishia mno upande wa pili.

Kipanga Mweusi
Samahani wakuu, mimi naona chai hapa, stori ya kutunga. ID imefunguliwa juzi. Mwalimu wa baiolojia hajui madhara ya dawa anayomeza? Na mtu mwenye sonona anaandika aya zimenyooka hivi, nukta kwa nukta? Kesho utasikia anakusanya michango, au anatuuzia huo unga wa elfu arobaini. Mods angalieni.

Mkeka Umechanika
Duh. Na mimi nilianza kujiuliza.

Nesi wa Zamu
Kipanga, rudi usome alivyoueleza ule umeme. Amesema unampiga akigeuza macho pembeni bila kugeuza kichwa. Hilo nimelisikia kwa wagonjwa walioacha dawa hizi ghafla, wengine walikuwa wanaona haya kulisema wakidhani nitawacheka. Anayetunga angesema kichwa kinauma. Hangejua habari ya macho.

Chaki Nyeupe
Ile mada ya kwanza niliiandika usiku tatu. Naandika mstari, nafuta. ID nimefungua juzi kwa sababu ile ya zamani walimu wenzangu wanaijua, na shuleni ukisikika unatibiwa akili, hata kwa sonona, wanasema huyo ni wa Mirembe. Michango siombi. Unga nitautupa, nisiambiwe nafanya biashara.

Naomba uzi ufungwe.

Kipanga Mweusi
Usifungwe. Mwalimu, nieleze kwa nini nilisema vile. Kuna uzi humu mama mmoja alilia mtoto anahitaji upasuaji, nikatuma mshahara wa nusu mwezi. Mtoto hakuwepo. Tangu siku hiyo kila anayelia namtazama vidole. Lakini ile habari ya macho nimemuuliza shemeji yangu, aliwahi kumeza dawa hizo. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema "nani kakwambia?" Nisamehe.

Nesi wa Zamu
Mwalimu, baki. Unga usiuguse kweli, baadhi ya unga wa namna hiyo umekutwa umechanganywa na dawa za hospitali kimyakimya, hujui utakutana na nini. Wala usirudie dozi nzima kwa kujiamulia baada ya siku 13. Rudi kwa daktari, mwambie yote, na la chumbani ulianze hilo. Ni tatizo linalojulikana sana la dawa hizi na lina njia: kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuziacha kwa mpangilio huku ukipata mtu wa kuongea naye. Na yale mawazo ya mwaka jana yakirudi, hata saa nane usiku, amsha mkeo mwende hospitali iliyo karibu.

Chaki Nyeupe
Nimerudi. Jana usiku nilimwambia mke wangu, nikampa simu asome uzi wote, hata pale pa pweza.

Amesema alijua tangu wiki iliyopita. Anafagia chumba kila asubuhi, na pakiti iliyo mezani haipungui. Alikuwa ananisubiri niseme. Na kuhusu kugeukia ukutani, alidhani mimi ndiye sitaki kuguswa.

Alhamisi tunakwenda kliniki, ameomba ruhusa kazini. Usingizi bado.

Nesi wa Zamu
Hiyo pakiti mwende nayo.