Bert Williams: mtu mweusi anajipaka masizi, ilikuwaje?

MtazamaUsiku
Wakuu, habari za usiku. Nilikuwa naangalia filamu bubu ya 1916, A Natural Born Gambler. Nyota wake ni Bert Williams, Mmarekani mweusi, lakini kajipaka weusi uso mzima na midomo kaichora mipana. Binti yangu wa darasa la sita akaniuliza, "Baba, anajipaka nini wakati yeye mwenyewe ni mweusi?" Nikamwambia akalale. Nisaidieni kabla hajaamka.

KitiChaNyuma
Mkuu, mimi nimeigiza vichekesho jukwaani miaka kumi na mbili, kwa hiyo huyu mzee ni ugonjwa wangu.

Kwanza, Williams hakuwa mweusi ti. Alizaliwa Nassau, Bahamas, 1874, na rangi yake ilikuwa maji ya kunde. Ndiyo maana alivaa hata glavu, mikono isije ikamsaliti. Wakati ule wazungu walikuwa wanachoma kizibo cha chupa, wanajipaka yale masizi na kumwigiza mtu mweusi: mvivu, mwoga, mwizi wa kuku. Watazamaji walishaizoea sura hiyo kiasi kwamba mweusi halisi akipanda jukwaani bila masizi, wanamwona kakosea mlango.

Williams na mwenzake George Walker walikutana San Francisco 1893. Wakaona kama wazungu wanauza uigaji, basi wao watauza kitu chenyewe, wakajitangaza kuwa ndio halisi. Mwanzoni Williams hakujipaka. Siku moja Detroit akajaribu kwa utani tu, ukumbi ukalipuka. Baadaye aliandika kwamba ucheshi wake ulikomaa pale alipoweza kujitazama kama mtu mwingine. Sentensi hiyo naielewa sana. Ukivaa kofia ya mhusika, aibu inakuwa yake, si yako.

Kuhusu ukubwa wake: 1903 In Dahomey, mchezo wa nyimbo wa watu weusi watupu, uliingia Broadway, kumbi kubwa za maonyesho za New York, kisha London, ukachezwa hadi Buckingham Palace. Walker akaugua, akafariki 1911. Kabla ya hapo, 1910, Ziegfeld, mwandaaji maarufu wa maonyesho, alikuwa ameshamchukua Williams kwenye Follies, onyesho lake la nyimbo na vichekesho, mweusi peke yake katikati ya wazungu. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walitishia kuondoka, Ziegfeld akawaambia nyote nitapata wa kuwabadilisha isipokuwa yeye.

Sasa rudi kwenye filamu yako, pale mwisho, gerezani. Yuko peke yake. Anagawa karata ambazo hazipo kwa wachezaji ambao hawapo. Anachungulia karata zake, jicho moja linawaka, anajizuia asitabasamu, anaweka dau. Halafu uso unashuka polepole. Kaliwa! Masizi yote yale, na bado unasoma kila kitu kwenye kope. Niliwahi kuiga kipande hicho jukwaani, nikatoka nimechekwa mimi badala ya mchezo.

Bibi_wa_Mikoko
Mwanangu KitiChaNyuma, umesema vizuri, ila mimi sicheki. Walker alikuwa jukwaa hilo hilo na hakujipaka. Alivaa suti kali akatamba. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwepo.

KitiChaNyuma
Shikamoo bibi. Ni kweli, lakini Walker ndiye tapeli mtanashati, Williams ndiye mjinga anayetapeliwa, na huyo wa pili ndiye aliyetakiwa avae kinyago.

Kuna filamu yake nyingine ya 1913 ambayo haikuwahi kutolewa. Mikanda ilikaa kwenye hifadhi ya jumba la sanaa la MoMA, New York, ikaonyeshwa 2014. Humo waigizaji weusi wengine wote wana nyuso zao, wamevaa vizuri, wanapanda bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao, na Williams anambusu mpenzi wake taratibu, bila mzaha. Mwenye masizi ni yeye tu. Mimi naona ndiyo bei aliyolipa ili wale wengine waonekane watu. Unaweza kunikatalia.

Februari 1922 alianguka akiwa kazini, Detroit hiyo hiyo. Nimonia. Machi 4 akafariki, miaka 47.

Bibi_wa_Mikoko
Marahaba. Nakukatalia, ila nitaitafuta hiyo ya bembea.

MtazamaUsiku
Asanteni. Asubuhi nimemwonyesha binti kipande cha karata. Kacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu kaniuliza mbona anacheza peke yake na bado anashindwa.