Singapore: Lee ameondoka kweli, au amehamia kiti cha pembeni?

Raskazone: Wakuu, tuongee ukweli. Mei 15, 2024 Lee Hsien Loong alimkabidhi Lawrence Wong kijiti cha uwaziri mkuu baada ya miaka 20, dunia ikapiga makofi. Lakini Lee yumo bado barazani, sasa ni Waziri Mwandamizi. Baba yake, Lee Kuan Yew, alifanya hivyo hivyo: 1990 alimwachia Goh Chok Tong uwaziri mkuu, yeye akabaki barazani hadi 2011. Utajiitaje mwenye nyumba na mwenyewe kalala chumba cha pili? Mimi naona hapo hajaondoka mtu.

MwalimuUraia: Mkuu, umechemsha. Aliyeandaliwa kumrithi Lee alikuwa Heng Swee Keat, akajitoa mwenyewe Aprili 2021, akasema umri umekwenda. Mwaka uliofuata mawaziri na wakuu wengine wa chama tawala waliulizwa mmoja mmoja, 15 kati ya 19 wakamtaja Wong. Akaenda kwa wananchi kwenye uchaguzi wa Mei 2025: chama chake kikapata asilimia 65.57 ya kura, kutoka 61.24 za mwaka 2020. Kule wanatawala wasomi wasiokula rushwa. Sisi tumezoea wezi, ndiyo maana tunawaonea gere.

BintiShangani: Wasiokula rushwa? Iswaran umemsahau? Waziri wa uchukuzi, kapokea tiketi za mbio za magari, pombe, mpaka baiskeli. Oktoba 2024 kapigwa miezi 12.

MwalimuUraia: Dada, baiskeli! Huku mtu anapewa kiwanja na hakuna anayeuliza. Kule amefungwa. Huo ndio mfumo unaofanya kazi.

BintiShangani: Usinifanye mtoto mdogo. Baiskeli yenyewe ni Brompton, zaidi ya dola 7,000 za kwao, na zawadi zote kwa pamoja zinapita 400,000. Waziri analipwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na sababu tuliyoambiwa miaka yote ni kwamba mshahara mnono unazuia tamaa. Haya, umezuia nini?

MwalimuUraia: Kwanza sahihisha kauli yako. Hakufungwa kwa rushwa. Mashtaka ya rushwa yalibadilishwa, akakiri kupokea vitu vya thamani akiwa mtumishi wa umma, na kuzuia haki. Upande wa mashtaka uliomba miezi sita au saba, jaji akampa 12. Niambie ni wapi umeona jaji akimzidishia waziri.

BintiShangani: Anayekupa tiketi anataka kitu. Iite jina utakalo. Na wewe ndiye uliyeandika "wasiokula rushwa", mimi sikukulazimisha.

Raskazone: Jamani, niliuliza kuhusu Lee na Wong. Tumeishia kwenye baiskeli.

BahariaMstaafu: Wanangu, mimi nimeteremka bandari ile mara nyingi. Kwenye vibanda vyao vya chakula mtu anaweka pakiti ya tishu mezani, anakwenda kupanga foleni ya wali na kuku. Akirudi, meza yake ipo, hakuna aliyeigusa. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na MwalimuUraia ana haki ya kuwasifu. Ila siku moja nilikula meza moja na dereva teksi, mtu wa makamo. Hakumtaja Lee wala mtu mwingine yeyote wa serikali. Alizungumza fleti yake. Watu wengi kule wanaishi fleti za serikali, hati ni ya miaka 99. Aliinunua akiwa kijana, akaambiwa ndiyo akiba yake ya uzeeni. Sasa yeye anazeeka na hati inapungua.

MwalimuUraia: Mzee shikamoo. Miaka 99 ni mingi lakini, si atakuwa ameshakufa?

BintiShangani: Atakufa yeye, watoto je? Mwalimu mzima unauliza hivyo?

Raskazone: Mzee, hati ikiisha fleti inakwenda wapi?

BahariaMstaafu: Marahaba, Mwalimu. Raskazone, inarudi serikalini, na hulipwi kitu. Dereva yule aliniambia mwanawe ameshamuuliza swali hilo hilo, na yeye akaagiza chai nyingine.