Baba anataka niende VETA, fundi wangu anasema napoteza muda

Kijana wa Segerea
Habari za jioni wakuu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakutosha kwenda cha tano. Tangu hapo niko gereji moja Tabata, saidia fundi. Breki, bushi, shokapu, oili, plagi nafanya mwenyewe, fundi anakuja kukagua tu. Injini ya IST tunashusha pamoja. Napewa hela ya kula, na siku mteja akifurahi naondoka na 10,000.

Sasa baba kanikomalia niende VETA, ufundi magari. Ada ya kutwa vyuo vyao ni 60,000 kwa mwaka, hiyo anaimudu. Kinachoniumiza kichwa ni nauli, ovaroli, na kurudi kuomba hela ya vocha nyumbani. Fundi wangu anasema wa chuo wote wanakuja kufundishwa upya na yeye. Na kweli, tulipokea mwanafunzi wa fildi, spana 12 na 13 hawezi kuzitofautisha mpaka asome namba. Niende au nibaki?

Mzee wa Saketi
Mdogo wangu, fundi wako hajakudanganya, ila kakupa nusu. Kufungua na kufunga unakujua tayari, usiende chuo kwa ajili hiyo.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Ilala. Wateja wangu wengi wanatokea gereji kama yenu. Juzi imekuja Vitz, taa ya injini haizimi. Huko ilikotoka waliipima kwa mashine ikatoa namba ya hitilafu, P0171. Wakabadilisha sensa ya oksijeni, ya mtumba kutoka Gerezani. Taa ikarudi. Wakabadilisha plagi, ikarudi. Sasa P0171 haisemi kifaa gani kimekufa. Inasema hewa imezidi kipimo au mafuta yamepungua, basi. Kazi ya fundi ni kuuliza: hewa inapenya wapi bila kupimwa, au mafuta yanapungukia wapi? Ulikuwa mpira wa vakyumu umepasuka kwa nyuma, mahali pa kupapasa kwa kidole. Mpira wa bei ya chai na chapati, na mama wa watu kashatoa zaidi ya laki.

Kuuliza namna hiyo nilifundishwa darasani. Mwalimu wetu (mkali, Mungu amrehemu) hakukuruhusu kugusa gari mpaka uchore kwenye daftari: umeme unatoka wapi, unapita fyuzi ipi, unarudi wapi bodini. Tulimchukia sana. Kanuni ya Ohm, ile ya volti, mkondo na ukinzani, niliiona ya kufaulia mtihani tu, leo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Halafu hizi haibridi, za injini na mota ya umeme, kama Prius na Aqua, zinazidi kuingia. Nyaya za rangi ya chungwa humo ndani usizichezee. Betri kubwa ya Prius ni kama volti 200. Kuna plagi ya kukata umeme wa betri hiyo, unaichomoa kwanza, kisha unasubiri umeme uliobaki ushuke ndipo uguse kitu. Hilo hulijifunzi kwa kujaribu.

Kama ningekuwa wewe ningeomba fani ya umeme wa magari, ni tofauti na ufundi magari, ipo VETA. Mikono unayo, katafute kichwa.

Dogo Grisi
Mzee kasema vizuri, ila vyuo havilingani. Nilikosoma mimi, cha binafsi, injini ya mafunzo ilikuwa ya kizamani, ya kabureta, kila darasa limeifungua mpaka bolti zimeisha meno. Mashine ya kupimia iko moja, imefungiwa kabatini kwa mkuu. Kabla hujalipa, nenda siku ya kazi, omba kuingia karakana. Wanafunzi wakiwa na mikono misafi, geuza.

Dada wa Malori
Niko ofisi ya usafirishaji, malori yetu yanakwenda Tunduma. Fundi asiye na cheti bosi hasomi hata barua yake. Sisemi ni haki. Ila mdogo wangu, kuna njia hujaitaja: VETA wanatambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Wanakupima kwa vitendo, wanakufundisha ulipopungukiwa, unapata cheti. Fundi wetu wa Scania alipita huko, hajawahi kukaa dawati la chuo.

Kijana wa Segerea
Asanteni sana. Hiyo ya kupimwa sikuijua kabisa, Jumatatu nakwenda Chang'ombe kuuliza, na fani ya umeme nayo naulizia hapo hapo. Mzee wa Saketi, Jumamosi huwa natoka mchana. Naweza kuja kwako niangalie?

Mzee wa Saketi
Njoo na maltimita yako. Zile za bei chee za barabarani usinunue, zinadanganya volti. Na usimwambie fundi wako nimekuiba, mwambie umekwenda kusoma.