Grini kadi inakaribia kuisha, naanzia wapi?

Swali: Wakuu, grini kadi inaisha baada ya miezi 4, na safari ya Mwanza iko hapo katikati. Kadi ikiisha, ukaazi wa Marekani nao unakufa?

Jibu: Hapana mkuu, ile ya miaka 10 ikiisha, ukaazi unabaki. Jaza I-90 (fomu ya kuomba kadi mpya) sasa. Mlango unafunguliwa miezi 6 kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ila kama ni ya miaka 2, ile ya ndoa, fomu yako ni I-751 (ya kuondoa masharti ya ukaazi), ndani ya siku 90 za mwisho. Hapo usicheze kabisa: ukichelewa, ukaazi wenyewe unaanguka. Wengi hukosea wakatuma I-90, inakataliwa, na siku zinayoyoma.

Jibu: Stakabadhi ya I-90 (karatasi ya I-797) inairefusha kadi miezi 36. Safiri na karatasi yenyewe pamoja na kadi ya zamani. Picha ya simu haitoshi.

Jibu: Mkihama, toeni taarifa USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) ndani ya siku 10, fomu AR-11. Kuwaambia posta peke yao hakusaidii, bahasha ya kadi inarudishwa ilikotoka.