Paka ananiamsha saa kumi usiku kila siku, nimeshindwa. Nisaidieni

MtuWaJuu: Asalaam aleikum jamaa. Nakaa Mombasa, Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, nyumba ya juu, peke yangu. Kazi yangu ni ya zamu bandarini, nikirudi niko hoi. Nina paka dume, wa manjano. Kila usiku saa kumi kasorobo, hata adhana bado, ananipandia kifuani. Halii nyau. Anakoroma, lakini mle ndani ya kukoroma mna kijisauti chembamba kama cha mtoto aliyenyimwa ziwa. Nikigeukia ukutani ananigusa kope kwa mkono mmoja, kucha kazificha. Nikijifunika shuka anaenda mezani, anasukuma kikombe polepole huku ananitazama, mpaka kifike ukingoni. Vikombe vinne vishakwenda. Mwisho naamka. Nifanyeje aache?

Na swali jengine dogo: paka akihamishwa kwa gari mpaka Bamburi, huzoea nyumba mpya baada ya siku ngapi?

Mama_Mahamri: Waaleikum salaam mwanangu. Na ukishaamka wampa nini? Hilo hujasema.

Kijana_wa_Likoni: Kaka shukuru. Mimi naamshwa na kunguru juu ya mabati, na wale hawana hata adabu ya kukoroma kwanza. Jana mmoja kaniibia kipande cha mkate mkononi nikingoja feri. Mkononi!

Fundi_Feni: Oa.

MtuWaJuu: @Mama_Mahamri nampa kidogo tu.

Mama_Mahamri: Kidogo cha nini?

MtuWaJuu: Tafi. Namchemshia, namtoa miba. Wa baridi hali.

Mama_Mahamri: Saa kumi za usiku wachemsha tafi! Marehemu mume wangu miaka ishirini na sita hakupata kuchemshiwa hata maji saa hiyo. Lakini sikucheki sana. Nilipokuwa Majengo nilikuwa na paka jike, akitaka maziwa hukaa katikati ya mswala wangu, pale pa kusujudia. Ukimtoa, anarudi. Nikawa nampa ili niswali. Ikafika pahali natia maziwa kwanza, ndipo natia udhu.

Baharia77: Huyu jamaa kaelewa vibaya. Ni samaki wa kupaka, si samaki wa paka 😂

Msomaji_Tudor: Hicho kijisauti si mawazo yako. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, Karen McComb, naye alikuwa akiamshwa na paka wake, Pepo. Akaona badala ya kulalamika arekodi sauti za paka, yeye na wenzake wakatoa utafiti mwaka 2009. Wakakuta paka anayeomba chakula anachanganya mngurumo wa kawaida, ule mzito, na kilio chembamba cha kama hezi 380 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Kilio cha mtoto mchanga huwa kati ya 300 na 600, kwa hivyo kinaangukia mle mle. Wakawasikilizisha watu, hata wasiofuga paka wakasema mlio huu una haraka na unakera kuliko mngurumo wa kutulia. Na nyau nayo ni hivyo hivyo: paka wazima wakiwa wao kwa wao ni nadra kuliliana nyau, hiyo wametuwekea sisi.

Dawa: mchezeshe jioni, mlishe unapoingia kulala, usiku usiinuke kabisa. Siku za mwanzo atazidi kelele. Ukivumilia usiku mitatu halafu wa nne ukainuka, umemfundisha kuwa siku tatu hazitoshi, alie nne. Vikombe weka kabatini. Amehasiwa? Umemlea tangu mdogo?

MtuWaJuu: Ahsante ndugu. Ila kutomuinukia kabisa naona ni ukatili, ana mazoea yake. Alikuja mwenyewe.

Mama_Mahamri: Alikuja kutoka wapi?

Mama_Mahamri: Mwanangu nimekuuliza.

MtuWaJuu: Sawa. Ni wa Bi wa chini, mwenye nyumba. Alikuwa akilala kwake. Sasa ni wiki ya pili, kila magharibi bibi anazunguka vichochoroni na sahani na kijiko, anagonga, anaita "Sultani! Sultani!" Mimi niko juu, nimefunga dirisha. Lakini jamaa, yeye humpa ugali wa jana na mchuzi! Mimi simuibi, amechagua. Bamburi nishalipa deposti, pikapu yaja Jumamosi, katoni nishaitoboa matundu. Nilichouliza mimi ni siku ngapi.

Baharia77: Paka wa nyumba haingwa, sawa. Lakini wa nyumba gani?

Ustadh_Mtaani: Ndugu yangu, mche Mungu. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na huyo alikuwa wake mwenyewe. Wewe wamfungia wa mwanamke mzee, tena mwenye nyumba wako.

MtuWaJuu: Ustadh, kumlisha namlisha. Na simfungi, ni magharibi tu akiitwa. Mchana nikiwa kazini dirisha la jikoni li wazi.

Mkaguzi_Mkuu: Hadithi ya kutunga hii. Mtu wa zamu bandarini, na KILA usiku saa kumi kasorobo yuko kitandani? Wiki ya zamu ya usiku paka anamkanyaga nani kifua? Mmemaliza nusu ya siku mnamshauri mwandishi wa tamthilia.

Kijana_wa_Likoni: Eee! Hapo kweli. Nami nimeanza kumhurumia.

Fundi_Feni: Ndio maana nilisema aoe, nikaona nisiandike mengi.

Msomaji_Tudor: Hata kama kaitunga, niliyoyaeleza ni kweli.

Mkaguzi_Mkuu: Bwana jibu. Zamu ya usiku.

MtuWaJuu: Sijafanya zamu ya usiku tangu mwezi wa tatu. Nabadilishana na mwenzangu, namlipa mia mbili kila usiku. Mmefurahi?

Mama_Mahamri: Ya Rabbi.

Baharia77: Mia mbili, na tafi, na vikombe, na deposti ya Bamburi. Huyo Sultani jina limemkaa.

Mkaguzi_Mkuu: Mimi bado siamini. Nina jamaa Kibokoni, hajasikia bibi wala kijiko.

Shangazi_wa_Kuze: Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Huyo paka ncha ya mkia imepinda kushoto? Na sikio moja lina pengo kama limeumwa?

MtuWaJuu: Umemjuaje?

Shangazi_wa_Kuze: Huja kwetu saa tano asubuhi kwa njia ya mapaa. Hukaa ukutani mkabala na jiko, hukufumbia macho polepole mpaka uone haya. Twamwita Bosi. Tangu Ramadhani hajakosa siku. Mimi nilidhani hana kwao.

Baharia77: 😂😂😂 Pikapu ya Jumamosi ipitie na Kuze.

Mama_Mahamri: Mwanangu, shuka hapo ngazini ukamwambie bibi wa watu. Leo, kabla hajatoka na sahani.

MtuWaJuu: @Shangazi_wa_Kuze kwenu anakula nini?

Shangazi_wa_Kuze: Maini. Ya kukaanga.

MtuWaJuu: Kitunguu msimtilie, ni sumu kwa paka. Halafu samahani shangazi, maini siku hizi kilo ni ngapi?