Mmekata Peugeot 404 Injection nzima, mmetia injini ya Toyota 1JZ, halafu mnaiita "Safari ya 1966"!

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mods mkiona nimevuka mpaka niambieni nirekebishe, ila msiufute. Jambo hili linasemwa pembeni pembeni tu, kwenye magrupu ya WhatsApp, na likija hadharani kila mtu anapiga makofi.

Mwezi uliopita kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani huku kanda ya kaskazini. Siyataji, waliokuwepo wanayajua. Kwenye kundi la magari ya Safari Rally, zile mbio ndefu za magari za Afrika Mashariki, yaliyojengwa kama enzi zake, kikombe kimekwenda kwa Peugeot 404 nyeupe yenye namba kubwa mlangoni. Mbele yake kuna kibao: gari hili lilishiriki Safari ya mwaka 1966. Watu wamepanga foleni kupiga picha. Wazazi wanawaambia watoto wao kwamba hili ndilo lililokimbia enzi za babu. Nikalizunguka, nikachungulia ndani, nikalala chini kutazama uvunguni. Kila nilipotazama nilikutana na uongo.

Nianze na dashibodi. 404 ilipotoka mwaka 1960 spidomita yake ilikuwa ya mkanda, ule ukanda mrefu uliolala mbele ya dereva. Geji za duara zilikuja 1967. Gari lililopewa kikombe lina geji za duara, za kiwandani, hazijaguswa. Nenda magurudumu ya mbele: breki za diski, nazo za kiwandani. 404 ya 1966 ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, diski za mbele zilifika miaka ya 60 ikiwa ukingoni. Maana yake ni kwamba Pasaka ya 1966, wakati magari yanaondoka kuingia matopeni, gari hili lilikuwa bado halijatengenezwa. Limeshirikije mbio hizo? Waamuzi walikuwepo, wana vitambulisho shingoni na karatasi za alama mkononi, na hakuna hata mmoja aliyefungua mlango akauliza swali hilo.

Sasa fungua boneti. Injini ya 404 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, ndiyo maana boneti yake iko chini vile. Silinda 4, ukubwa wa cc 1,618. Humu ndani nimekuta 1JZ ya Toyota, silinda 6, imesimama wima. Injini hiyo ilianza kutengenezwa 1990! Ili iingie wamepiga grenda ukuta wa kati ya injini na miguu ya dereva, wakachomelea bati jipya, wakapaka rangi nyeusi juu ili isionekane. Kwa nyuma wameng'oa propela ya asili, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, inayozunguka ndani ya bomba lake, wameng'oa difu ya gia ya skrubu na koili springi, wakafunga difu ya Hilux na springi zake za bapa. Kwenye bampa kuna baa ya taa za LED. Rimu pana za aloi, tairi za matope za kisasa. Ubavuni stika za kampuni ya sigara za mtindo ulioenea kwenye magari ya mbio miaka mingi baadaye.

Na tope. Hili ndilo lililonitoa machozi. Wamepuliza rangi ya udongo kuanzia kwenye matairi kupanda juu, kwa ustadi kabisa, halafu wakapiga klia, ile rangi angavu ya kung'arisha, juu yake ing'ae na isifutike. Nimepitisha kidole kwenye mlango, ni laini kama sahani. Watu walikwama usiku kucha kwenye utelezi, wakasukuma magari kwa mabega, na leo taabu ile imegeuzwa pambo la kupuliziwa gereji.

Kuna watakaosema, "Mkuu, gari ni lake, hela ni zake." Sawa. Afunge 1JZ, afunge 2JZ, apake rangi ya waridi, sitafungua uzi. Mafundi waliomchomelea kazi yao ni nzuri kwa upande wa kuchomelea, nimeiona, mistari imenyooka. Kama kibao kingesema "404 ya kisasa, injini ya Toyota", ningempa mkono mwenyewe. Kinachonichoma ni kuandika 1966, kuandika "lilishiriki", na kuchukua kikombe kilichotengwa kwa watu wanaohangaika miaka kutafuta kitu sahihi cha mwaka sahihi.

Wengine wananijibu kwamba hata enzi zile watu walibadilisha magari, kwa hiyo hakuna "asili" ya kulindwa. Hoja hii naiheshimu kidogo kuliko nyingine, maana nusu yake ni kweli. Safari ilijengwa na mafundi wa gereji zetu. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant, walishinda na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika: gari la timu ya Volvo kwenye Safari ya 1964, ambalo Joginder aliliandaa upya mwenyewe. Magari yalichomelewa bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasipasue sampu ya oili, yaliongezwa tangi la mafuta, yalibeba sepetu, kamba na panga. Mengine yaliwekewa mishikio nyuma ili msaidizi asimame juu ya bampa na kurukaruka, tairi zipate kuuma tope. Hakuna hata kimoja hapo kilichotoka kiwandani, na vyote ni sahihi kwa enzi zake. Ukinijengea 404 yenye bamba lililokatwa kwa mkono, Halda ya kupimia umbali mbele ya msaidizi, na taa za ziada za aina iliyokuwepo miaka ya 60, nitakuvulia kofia hata kama rangi imepasuka.

Hata injini ya 504 ndani ya 404 mimi naikubali. 504 ilitoka 1968, na mafundi wa huku wamekuwa wakihamisha injini hizo tangu zamani kwa sababu zinatoka kiwanda kimoja na zinaelewana. Ule ni utamaduni wetu wa gereji. Ukiandika "404 yenye injini ya 504, kazi ya fundi wa hapa" umesema kweli, na umehifadhi historia nyingine ambayo wazungu hawana. Lakini kutoka hapo hadi 1JZ ya 1990 ndani ya gari linalodai mwaka 1966 ni miaka 24. Nusu ya kweli msiifanye gunia la kubebea kila kitu.

Kuhusu usalama sina ugomvi na mtu. Mikanda ya kisasa, kizima moto, hata mabomba ya chuma ndani ya kabati ya abiria kwa anayekwenda kukimbia kweli. Maisha ya mtu kwanza. Naomba msiniletee hoja hiyo kwenye majibu, maana 1JZ haikufungwa kwa ajili ya usalama.

Na ile ya "spea hakuna"? Wakuu, pickup za 404 ziliunganishwa Kenya mpaka miaka ya 90 ikianza. Nendeni kwenye viwanja vya chuma chakavu, nendeni kwa wazee waliokuwa na gereji za Peugeot, ulizeni kwa adabu. Mimi nimepata silinda hedi, vioo na bawaba za milango kwa njia hiyo, kwa bei ndogo kuliko rimu za lile gari. Vitu vipo. Vinataka subira, na subira haina likes.

Sasa kwa nini nimeng'ang'ania mwaka 1966? Kwa sababu mwaka ule walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, kwa 404. Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Wakarudi 1967 wakashinda tena, kwa 404. Kabla yao, mwaka 1963, magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, mshindi Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya 404. Mwaka 1968 magari 93 yakaanza, yakamaliza 7 tena, na mshindi akawa Nowicki yule yule na Cliff yule yule, tena kwa 404. Gari hilo halikufikisha hata nguvu za farasi 100. Lilishinda kwa sababu lilikuwa gumu, springi zake ndefu zilimeza mashimo, na liliendelea kutembea wakati yenye nguvu yamelala pembeni ya barabara. Ukiweka silinda 6 za Toyota umefuta sababu nzima ya 404 kukumbukwa. Mtoto aliyesimama pale kwenye maonyesho akisikia mngurumo ule anakwenda nyumbani akijua kwamba 404 ilishinda kwa mbio na kelele, kinyume kabisa na ilivyokuwa.

Msidhani natia chumvi. Angalieni Porsche 911. Tangu mbio za Safari Classic zianze 2003, 911 zimeng'ara na zimeshinda, picha zake ziko kila mahali. Waulizeni vijana leo gari gani lilitawala Safari ya zamani, wengi watakujibu Porsche. Porsche haikuwahi kushinda Safari ile hata mara moja! Ilijaribu, ikafika ya pili 1972, 1974 na tena 1978, basi. Waliokuwa wakishinda ni Peugeot, Datsun, Ford, Mitsubishi. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, na Shekhar Mehta akachukua mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Picha za leo zikizidi wingi zinaifunika kumbukumbu ya jana, na hao waandaaji wa Safari Classic hawajamdanganya mtu, wanasema wazi ni mbio mpya za magari ya zamani. Sembuse huku ambako tunaandika uongo kwenye kibao?

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Gari lile nilikuwa nalijua. Lilikuwa la mzee mmoja wa Moshi, alilinunua jipya na kulitunza mpaka uzee ukamzuia kuendesha. Ilikuwa 404 Injection, ile yenye pampu ya Kugelfischer, pampu ya mekanika tupu inayosukuma mafuta bila hata waya mmoja wa kompyuta. Vitambaa vya viti vya asili. Gia kwenye usukani, haijalegea. Kutu kidogo tu chini ya milango. Nilimwendea nikaomba aniuzie, akasema atafikiria. Wakamwahi wenye hela nyingi, wakamwambia wanakwenda "kulirudisha katika hali yake". Mzee akafurahi, akawakabidhi mpaka kitabu cha huduma na risiti zake zote. Wamelipasua. Gari adimu, halisi, lenye historia yake ya kweli ya familia moja, limeuawa ili litengenezwe gari la uongo lenye historia ya kuazima. Wangetaka bodi ya kukata wangechukua yoyote iliyooza nyuma ya gereji, zipo. Wamekata iliyo nzima kwa sababu iliyo nzima inapunguza kazi ya kunyoosha bati!

Waandaaji wa maonyesho, mpo humu na mnasoma. Ondoeni neno "lilishiriki" kwenye kibao cha gari lolote ambalo mwenyewe hana karatasi: namba ya chesisi, kadi ya zamani, picha ya wakati ule, jina kwenye orodha ya washiriki. Wekeni mwamuzi mmoja anayejua tofauti ya dramu na diski, wapo mafundi wastaafu wa Peugeot Arusha na Dar ambao wangekuja kwa nauli tu. Magari yenye injini za kisasa yapeni kundi lake na kikombe chake, kikubwa hata kuliko kile kingine mkitaka. Na kikombe cha mwezi uliopita kirudishwe. Kijana aliyeleta Datsun 1600 SSS ya bluu, yenye kabureta zake mbili na rimu zake za chuma, alipita pembeni bila hata cheti, na lile ndilo lilikuwa gari la kweli uwanjani siku ile.

Nyongeza: kuna mdau amenitumia ujumbe anasema yeye ni wa hiyo gereji, ananitaka nifute uzi kwa sababu "naharibu biashara". Sifuti. Ila kwa kuwa upo hapa, mkuu, nijibu hadharani: pampu ya Kugelfischer, injini yake, lile bomba la propela na difu, mmevipeleka wapi? Kama viko kwenye kona ya gereji taja bei, nakuja na gari la kubebea. Kama mmeshaviuza kwa kilo, nitajie aliyenunua.