Naombeni ushauri: bustani ya mboga kwenye ndoo na viroba, sakafu ya zege na maji ya chumvi

Mama Pacha

Habari za jioni wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Nimepanga Tabata, vyumba viwili vya uani. Nyuma yetu kuna sehemu ya sakafu ya zege, upana kama hatua nne na urefu hatua saba. Mwenye nyumba ameniruhusu niitumie ilimradi nisichimbe wala nisiharibu sakafu. Jua linafika kuanzia saa tatu asubuhi, na kwenye saa tisa alasiri ukuta wa jirani unatia kivuli.

Nina watoto wawili wadogo na mboga za majani tunakula karibu kila siku. Fungu la mchicha ninalonunua sijui limemwagiliwa maji gani. Sote tunajua bustani nyingi za mjini ziko mabondeni, kando ya Msimbazi na mifereji inayoingia humo, na kinachotiririka mle tunakiona. Nataka nusu tu ya mboga zetu zitoke mikononi mwangu, roho yangu itulie.

Nina ndoo nne za lita 20 zilizokuwa na rangi ya maji, madumu mawili ya mafuta ya kula na viroba vitupu vya mchele vya kilo 50. Maji ya bomba ni ya mgawo. Siku nyingine tunachota kisima cha hapa nyumbani, na kina chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu.

Naomba mnisaidie: niweke udongo gani, nianze na mboga ipi, na hayo maji ya kisima yatanifaa au yataniulia mimea? Nyanya je, zinawezekana? Maana bei yake inanimaliza.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kueleza jua na maji, wengi huuliza mbegu tu.

Anza na udongo. Udongo wetu wa Dar sehemu kubwa ni kichanga, haushiki maji wala chakula cha mmea. Ukiujaza peke yake kwenye ndoo utamwagilia asubuhi na jioni, na mboga bado itakuwa ya njano. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu, ule mweusi wa chini ya miti au wa shamba lililopumzishwa, ndoo moja ya samadi iliyooza, na ndoo moja ya maganda ya mpunga. Maganda yanaufanya uwe mwepesi, mizizi ipate hewa.

Kwa samadi, nenda kwa mfugaji wa kuku wa nyama aliye karibu. Wengi wana viroba vya mbolea iliyochanganyika na maranda na wanatafuta wa kuwaondolea. Lakini usiitie ndoo ikiwa mbichi, itaunguza mizizi. Ilundike pembeni, iloanishe, ifunike kwa turubai kuukuu, na kila wiki uigeuze. Mwanzoni ukiingiza mkono katikati utasikia joto kali. Joto likiisha na harufu ya banda ikapotea, imeiva. Inaweza kuchukua mwezi mmoja na nusu, hata miwili. Ukikosa subira tafuta samadi ya ng'ombe ya zamani, ile kavu inayovunjika mkononi.

Ukishachanganya, loanisha kidogo, chukua konzi moja uibane. Fungua kiganja. Ikimwagika yenyewe, mchanga umezidi, ongeza samadi. Ikibaki donge hata ukiligusa kwa kidole, mfinyanzi umezidi, ongeza maganda. Donge likishikana halafu likaachia kwa kuguswa tu, hapo pazuri.

Matundu: weka msumari wa inchi nne kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, ushike kwa koleo, toboa nane kwenye kitako. Kwa kuwa unaweka juu ya zege, toboa na mengine manne ubavuni, vidole viwili juu ya kitako, kwani ndoo ikikaa bapa sakafuni ya chini huziba. Inyanyue na vipande vya tofali pia. Usijaze kokoto chini kama wengi wanavyoelekeza. Hazisaidii kutoa maji, zinapunguza tu nafasi ya mizizi.

Ndoo zako za rangi ya maji zisugue vizuri, zitafaa. Za rangi ya mafuta, tina au dawa za shamba usiguse kabisa kwa chakula cha watoto.

Kimara Mwisho

Dada mimi ningeanza na nyanya moja kwa moja. Chukua mbegu chotara, ndoo moja mche mmoja, funga kwenye mti, ndani ya miezi mitatu unavuna. Ukiongeza ndoo unauzia majirani. Mchicha ni fungu la bei ndogo, utachoka bure.

Bwana Shamba Mstaafu

Kijana, nyanya naipenda, lakini kwa mtu anayeanza Februari, Dar es Salaam, kwenye zege, hapana. Usiku wa sasa ni wa joto mno. Nyanya inatoa maua, yanakauka na kudondoka bila kushika tunda, hasa usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Atie mbegu kitaluni masika yanapokaribia kuisha, miche iingie ndooni mwezi wa sita, ikue kwenye kipupwe. Hapo ataona tunda.

Yuko pia kantangaze, kiwavi anayechimba njia ndani ya jani kisha anaingia kwenye tunda. Na kuna mnyauko wa bakteria, ambao pwani umetutesa sana. Mche una afya asubuhi, mchana unalegea ukiwa kijani vilevile, na baada ya siku chache umekufa. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha shina la chini, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ndio huo. Hauna dawa. Udongo wa ndoo ile usipandwe tena nyanya, biringanya, nyanya chungu wala pilipili.

Mwanangu, ukiona hamu inazidi, panda mche mmoja wa zile nyanya ndogo za kienyeji zinazojiotea jalalani. Zinavumilia joto kuliko hizi kubwa za dukani. Zilizobaki zote ziwe majani.

Wa Kigamboni

Mama Pacha, mimi nijibu la chumvi maana naishi nalo. Kisima chetu ni hivyohivyo, na bustani yangu yote iko kwenye vyombo.

Mmea unakunywa maji, chumvi inabaki kwenye udongo. Shambani mvua huishusha chini, kwenye ndoo haina pa kwenda. Kila unapomwagilia unaongeza nyingine. Baada ya muda utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa ndoo, ncha za majani zinakuwa kahawia kama zimeunguzwa, na mmea unadumaa hata ukiupa mbolea. Wengi wakiona hivyo wanadhani ni njaa, wanaongeza samadi ya kuku, na samadi nayo ina chumvi yake. Ndipo unapokufa kabisa.

Kwa hiyo usimwagilie kidogokidogo. Mwagilia mpaka uone maji yanatoka chini, kila mara, hayo yanayotoka ndiyo yanayobeba chumvi. Matundu aliyosema mzee ndiyo uhai wako. Siku ya bomba jaza kila chombo ulicho nacho, na siku za kisima changanya nusu kwa nusu. Mimina kwenye udongo, usinyunyizie majani. Masika yakianza acha ndoo zote wazi zinyeshewe. Kinga na ya bati, yale ni maji matamu ya bure na ndiyo yanayousafisha udongo kuliko kitu chochote.

Mbegu na miche michanga ndiyo dhaifu zaidi. Mpaka iwe na majani manne, maji ya bomba au ya mvua tu. Hata kama ni lita mbili, zitunze kwa ajili yao.

Chagua na mboga. Spinachi inavumilia chumvi kuliko zote nilizowahi kupanda, mchicha nao unajitahidi. Maharage, karoti na vitunguu achana navyo, vinaonewa bure kwenye maji hayo.

Maji ya kuoshea mchele na mboga tumia, hayana shida. Ya kufulia usitumie, sabuni ya unga ina chumvi zake na wewe tayari unazo za kutosha.

Sukuma Nairobi

Salamu kutoka Nairobi, dada. Hivyo viroba usivitupe. Huku mitaa kama Kibera watu wamekuza sukuma wiki kwenye magunia kwa miaka mingi. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, shirika la Solidarités la Ufaransa lilieneza sana njia hii kwa familia zisizo na hata kipande cha ardhi, na hadi leo ukipita utaona magunia mlangoni.

Tafuta mkebe mkubwa, utoe kitako na kifuniko ubaki kama bomba. Usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani, halafu ujaze udongo kuuzunguka. Ukifika ukingo wa mkebe, uvute juu polepole, mawe yabaki pale. Jaza mawe tena, zungushia udongo tena, hadi gunia lijae. Mwisho una nguzo ya mawe katikati, maji unayamimina hapo na yanafika hadi chini. Bila nguzo, udongo wa juu unalowa na wa chini unakauka. Naona mzee amekataza kokoto, na kwenye ndoo namuunga mkono kabisa. Hizi za gunia kazi yake ni kupitisha maji katikati.

Kata matundu madogo ubavuni, mistari ikipishana, upande mche kila tundu. Sukuma ubavuni, dania na vitunguu vya majani juu. Miche ya juu ipande kwanza, ya ubavuni baada ya wiki moja gunia likishatulia, la sivyo udongo unashuka na kung'oa mizizi.

Kiroba cha plastiki hakipendi jua. Kikianza kuchanika, kiingize ndani ya kingine kabla hakijapasuka.

Mama Pacha

Jamani asanteni sana. Mzee, Mungu akuzidishie. Kesho namtafuta mfuga kuku, na miche ya nyanya nimeisogeza mpaka mwezi wa sita.

Nimebaki na haya. Matembele nayo yanaweza kukaa kwenye ndoo? Watoto wanayapenda kuliko mchicha. Jirani ana kuku wanaozurura uani, nifanyeje bila ugomvi? Na mchicha unamwagwa vipi, mbegu nimeziona ni vumbi tupu.

Bibi Bustani

Matembele ndiyo ungeanza nayo hata kabla ya mchicha, wala usinunue mbegu. Ukileta fungu la sokoni chagua lenye vikonyo virefu. Unapochambua, vile vishina unavyotupa vitenge. Kata urefu wa shibiri moja hivi, ondoa majani ya chini, fukia vifundo viwili au vitatu, acha ncha nje. Ndoo moja vishina vitano. Siku za mwanzo viweke kivulini na visikauke. Vitalegea, usiogope, vitainuka. Baada ya wiki tatu au nne unachuma ncha, na kila unapochuma vinatoa nyingine. Kwa ndoo nne ulizonazo, mimi ningeweka matembele mbili, spinachi moja, pilipili moja. Mchicha mpe madumu: lilaze dumu, kata upande mmoja wote uwe kama hori, lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe, toboa chini. Mizizi ya mchicha unaochumwa mdogo haihitaji kina kirefu.

Mbegu changanya na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa kikombe cha mchanga, ndipo unyunyize. Funika na udongo mwembamba sana, weka nyasi kavu juu, mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo ili zisisombwe. Zungushia majivu chini ya dumu, maana sisimizi wanazibeba mbegu zote usiku mmoja. Zikichomoza, siku ya tatu mpaka ya tano, toa nyasi. Ukipata dukani chukua mchicha wa Madiira, mbegu iliyotoka kwa watafiti wa Tengeru, Arusha. Majani yake ni mapana na haukimbilii kutoa maua.

Kuku mpelekee jirani fungu la kwanza utakalovuna, halafu mwombe awafungie asubuhi. Hata akikubali, zungushia wavu wa kuvulia uliochakaa, unapatikana kwa bei ndogo Ferry, usimamishe kwa miti uliyochomeka kwenye makopo ya simenti. Kuku hawali tu, wanaparua.

Wadudu mafuta wakikaa chini ya majani, kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja, nyunyizia jioni ukigeuza majani, na asubuhi suuza. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tumia vilevile.

Kimara Mwisho

Mzee nimekuelewa, hata zangu zilizodondosha maua mwezi uliopita sasa najua sababu. Bibi, mchicha unang'oa au unakata?

Bibi Bustani

Vyote, mjukuu wangu. Wiki ya tatu unang'oa iliyobanana, mmoja mmoja, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya iliyobaki. Hiyo iliyong'olewa ndiyo mboga ya kwanza. Iliyobaki ikifika magotini, kata kwa kisu kikali, uache shina la shibiri moja lenye majani mawili matatu, kisha mwaga konzi ya samadi iliyoiva na umwagilie siku hiyohiyo. Machipukizi yatatoka pembeni na utakata tena mara mbili, pengine tatu. Ukiona inakazania kutoa maua, ng'oa yote isipokuwa mmoja ulionenepa kuliko wenzake. Huo uache ukomae, ukaushe kichwa chake kwenye ungo, upukuchue, na mbegu ya msimu ujao hutainunua.